Kidonge cha Njano na Chungu cha Shemeji

Abiria mzito kuliko wote niliowahi kubeba kwenye baiskeli alikuwa mwanamke mwembamba. Ilikuwa Busia, zamani, wakati kazi yangu ilikuwa kuvusha watu kutoka lango la Uganda mpaka lango la Kenya, wao nyuma kwenye kiti cha sponji, mimi mbele nakanyaga. Huyu mama alikuja kwa hatua ndogondogo kama mtu aliyevimba miguu, akapanda, na baiskeli ikalia. Nikamtazama usoni, shavu jembamba, shingo nyembamba. Nikasema moyoni, mifupa ya huyu ni ya chuma.

Tulipofika katikati nikasikia ameniegemea mgongoni kwa uzito wake wote. Nilikuwa kijana, nikafikiri mambo ya kijana. Kumbe amezimia. Tukaanguka wote wawili na baiskeli juu yetu. Wanawake waliokuwa wakipita walimfungua vifungo apate hewa, wakakuta gauni, chini yake gauni, na chini yake tena gauni. Yalikuwa manane, yote mapya, na jua la saa saba. Alipofumbua macho hakuuliza yuko wapi. Aliniambia, "Kijana, geuka ukatazame kwenu." Nikageuka. Nilipomfikisha ng'ambo alinipa nauli na nusu, akaenda zake kwa hatua zile zile.

Nilitaka kueleza habari ya dawa, lakini huyo mama amenijia kwanza na sasa nimemwacha akae. Labda ni kwa sababu ya tabia yetu sisi watu wa mpakani. Kwetu kitu kipya hakivuki kikiwa kwenye boksi lake. Gauni unalivaa. Viatu unavikanyagisha tope kidogo. Sabuni unaivua karatasi na kuilowesha, ionekane imekwisha anza kuogewa. Redio unaivusha inaimba. Kitu chenye boksi kina maswali, na kisicho na boksi ni chako tu, umetoka nacho nyumbani. Siku hizi wamejenga jengo kubwa, maofisa wa nchi mbili wanakaa pamoja, na hakuna anayemuuliza mzee habari ya vidonge vyake. Lakini mkono umezoea. Nenda nyuma ya maduka ya dawa upande wa Kenya utaona marundo ya maboksi, na zile karatasi za ndani zilizokunjwa mara nyingi kama barua ya uchumba. Wauza karanga wanaziokota kufungia karanga.

Mimi presha iligunduliwa kwenye matanga. Watu wa afya walikuja kupima waombolezaji, na mimi nilikuwa nimepanga mstari kwa sababu niliona wanagawa maji ya chupa. Sista aliyenipima akapima tena, halafu mkono wa pili, halafu akaniambia nikae chini nisitembee. Kaka yangu mkubwa, ambaye matanga yale yalikuwa yake, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Alilala upande mmoja miezi minne, mdomo umepinda, na mimi nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Kwa hiyo kuhusu presha sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Zahanati yetu huku Kwapa, upande wa Tororo, ilinipa vidonge vyeupe. Nilivimeza kila siku kwa muda mrefu bila tatizo lolote. Halafu siku moja sista akaniambia, "Mzee, dawa zimeisha, kanunue." Nikaenda Busia. Ingekuwa karibu zaidi kwenda mpaka wa Malaba, lakini Busia ndiko nilikokulia kikazi. Muuza dawa mmoja upande wa Kenya akanitolea boksi. Nikafungua nikaona vidonge vya njano. Nikamwambia, yangu ni nyeupe.

"Mzee wangu, ni kitu kimoja," alisema. "Jina moja, nguvu moja. Kampuni ndiyo tofauti. Rangi ni urembo tu."

Nikaamini. Mlangoni kwake nikatoa vidonge, boksi nikatupa, karatasi nikatupa, nikavuka navyo kwenye mfuko wa shati. Nyumbani mke wangu akavibandua vyote akavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na vyeupe vilivyobaki. Ni mtu wa usafi, hapendi vitu kusambaa. Tangu siku hiyo nikawa natia vidole koponi na kumeza kile kilichokuja.

Nilianza kujikuna. Mara nilisema ni viwavi wa shambani, mara ni sabuni. Siku ninajikuna, siku tatu sijikuni. Mtu wa umri wangu akijikuna hakuna anayeshangaa.

Sasa nije kwenye chungu. Shemeji yangu, mjane wa huyo kaka yangu, alikuwa anapika malwa kila Jumamosi. Shamba aliloachiwa lilikuwa dogo mno, kwa hiyo chungu ndicho kilikuwa shamba lake. Kwa asiyejua: malwa ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, na haimiminwi kwenye kikombe. Chungu kinawekwa katikati, mpishi anaongeza maji ya moto, na watu mnakaa mmekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu umezama humo humo. Watu kumi chungu kimoja. Sisi tulikuwa tunakaa hapo kwa miaka, wazee wa rika moja, tukisemana vibaya kwa raha. Anayejua mambo haya anajua pia kwamba neno ambalo mpishi wa malwa hawezi kupona nalo ni sumu. Pombe chachu atasamehewa. Sumu, hata ikiwa ya kusingiziwa, inamfungia mlango.

Sista alinikataza kuchanganya dawa na pombe. Mimi nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la pili, na shule niliacha kwa ukaidi, si kwa umaskini kama ninavyowaambia wajukuu. Nikaona dawa ikitangulia na pombe ikafuata nyuma hazitakutana. Kwa hiyo siku za Jumamosi nilikuwa simezi asubuhi, nameza alasiri nikiondoka nyumbani.

Jumamosi moja nilimeza, nikaenda, nikakaa. Sikuwa nimenyonya hata mara tano. Midomo ikaanza kuwasha kama nimelamba betri ya tochi. Halafu masikio yakawa ya moto. Viganja vikawasha mpaka ndani ya mfupa. Nikajaribu kushika mrija kwa midomo, ukadondoka, nikajaribu tena, ukadondoka.

Rafiki yangu fundi baiskeli, tuliyeanza naye Busia tukiwa vijana, akasema, "Huyu leo amesahau mdomo nyumbani."

Wakacheka. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka, lakini mdomo ulikuwa umekuwa mkubwa na mzito, kama wa mtu mwingine. Jicho moja likajifunga. Halafu koo. Hiyo ya koo sijui niieleze vipi. Hewa inaingia kwa filimbi, unaivuta inakuja kidogo, unaogopa kuitoa kwa sababu hujui kama nyingine itakuja.

Kicheko kikaisha. Nikaona mirija inatoka kwenye chungu, mmoja baada ya mwingine, taratibu.

"Nani amemimina maji?" fundi akauliza.

Wote walijua nani. Shemeji alikuwa amesimama na birika mkononi. Na mimi nikanyoosha kidole, nikamwonyesha yeye.

Wapo ndugu wanaonisitiri, wanasema nilikuwa naomba maji. Hapana. Sikuwa na sauti, na kwa ile pumzi niliyokuwa nayo nilichagua kufanya hivyo. Nilimwonyesha mke wa kaka yangu mbele ya watu tisa.

Aliweka birika chini. Akachukua mrija wangu, ule ule, akaupangusa kwa kiganja, akapiga magoti akanywa. Akanywa mpaka tukasikia wimbi linanyonywa chini. Akachukua mrija wa fundi, akanywa na huo. Hakuvimba. Akawatazama.

"Anajua dawa yake," mmoja akasema. "Ameimeza kabla."

Nilipakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Zahanati walinichoma sindano, na kabla jua halijazama nilikuwa napumua. Daktari kijana akauliza, "Mzee, umekula nini?" Mimi bado sina mdomo, walionileta wakajibu, "Amekunywa kwa shemeji yake." Akaandika. Akanipa na vidonge vidogo vya kutuliza mwasho, nikavimeze nyumbani siku tano.

Hapo ndipo mambo yaliharibika kabisa. Nilimeza vile vidonge vya mwasho kwa uaminifu, na mwasho haukutoka. Kila nikimeza, baada ya muda vipele vinapanda shingoni, kope zinajaa. Watu walikuja kuniona wakatikisa kichwa. Wakasema sindano imeipunguza tu sumu, imekwisha zama kwenye damu. Fundi alikaa kitandani pangu akanishika mguu, akasema, "Mwanamke amekusudia kumaliza nyumba nzima. Kwanza kaka, sasa wewe." Kaka yangu niliyemlisha uji mwenyewe, nikijua kilichomuua. Sikumjibu fundi.

Siku ya tatu shemeji alikuja na bakuli la uji wa wimbi, amelifunika kwa kitambaa. Nilimsikia kwenye ua.

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea," mke wangu akasema.

"Nimemletea uji."

"Uji upo."

Nikasikia hatua zinarudi. Nilikuwa nimelala macho wazi, mlango uko wazi, na ningeweza kukohoa tu wakajua niko macho. Sikukohoa. Jumamosi iliyofuata hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda kwake. Wala iliyofuata.

Nikaacha dawa zote, za mwasho na za presha pia, kwa kuogopa kila kitu kinachopita kooni. Mwasho ukaisha. Nikasema sumu imetoka. Lakini kichwa kikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga, na nikipiga mswaki nauchungulia mdomo kwenye kioo kama umeanza kupinda. Asubuhi moja mke wangu alifunga kopo kwenye kitenge, akanipeleka zahanati kwa nguvu.

Sista wa siku zote alipima, akaweka kile kipimo chini.

"Baba, wewe unataka kumfuata kaka yako? Dawa unameza?"

"Namezaga."

"Unamezaga. Kopo liko wapi? Meza kimoja sasa hivi nikiwa nakuona, nyinyi wazee mnanidanganya."

Nikatia vidole, kikaja cha njano. Nikameza na maji yao, mbele yake. Nikaambiwa nikae kwenye benchi tupime tena baadaye. Nilikuwa sijala kitu tangu jana jioni, kwa sababu nilidhani watanitoa damu. Pombe sikuwa nimegusa tangu siku ile.

Sijui ilipita muda gani. Pembeni yangu kulikuwa na mama na mtoto mgonjwa. Mtoto akanitazama, akamvuta mama yake kitenge, na mama akanitazama akahama benchi. Midomo ilikuwa imeanza. Masikio, viganja, jicho, vile vile, kwa mpangilio ule ule.

Nimeona mambo mengi mpakani. Nimeona lori likiteketea Malaba, dereva anakimbia huku anavaa suruali. Lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kwenye lile benchi. Sikushtuka kwa ajili ya koo. Nilishtuka kwa sababu hapakuwa na chungu. Hapakuwa na shemeji. Nilitazama huku na huku kumtafuta, kweli, kama mtu anayemtafuta mwizi wake.

Sista alinichoma sindano. Nilipotulia akachukua kopo, akamimina vidonge vyote kwenye karatasi mezani, akavitenga kwa kidole. Vyeupe huku, vya njano huku.

"Hivi vya njano ulitoa wapi?"

"Busia. Ni dawa ile ile."

"Ni ile ile," akasema. Akafikiri. "Na vile vya mwasho tulivyokupa siku ile, vilikuwa rangi gani?"

Mke wangu ndiye aliyejibu, mimi bado ulimi mzito. "Vya njano."

Sista akakaa. Akaniambia kitu ambacho sijawahi kukisikia maisha yangu yote. Kwamba kwenye kidonge dawa yenyewe ni kidogo sana, pengine kama punje ya chumvi. Mengine yote ni unga wa kuishikilia isipukutike, kitu cha kuing'arisha, sukari kidogo, na rangi. Hayo hayatibu chochote, yako pale kuisindikiza. Watu karibu wote hayawadhuru. Ila wapo wachache, mmojammoja, mwili wao unagombana na msindikizaji. "Nilisoma hayo chuoni," akasema, "sijawahi kuyaona kwa macho. Hata mimi umenitisha, baba."

Nikamuuliza, kwa hiyo nilipokuwa nameza cha kuzima mwasho?

"Ulikuwa unaongeza."

Mke wangu alicheka, halafu akalia, yote kwa pamoja.

"Lakini sitaki kukisia," sista akasema. "Karatasi ya ndani iko wapi? Yale yote yameandikwa humo."

Tukatazamana na mke wangu. Mtu mzima nikainamisha kichwa kama mwanafunzi. Nikamweleza tabia yetu ya maboksi. Hakucheka. Alisema, "Basi mlitupa jibu mkabeba swali." Nikaona ni maneno makali, lakini nilistahili.

Siku mbili baadaye nilikwenda Busia kwa muuza dawa yule, nikamwomba karatasi tu, bila dawa. Akaniona nimechanganyikiwa.

"Ya kusoma nani, mzee wangu?"

"Ya kusomewa."

"Kama ni rangi imekusumbua, hiyo haina noma, hata watoto wanapewa."

"Mimi si mtoto," nikamwambia, na akanipa. Nilivuka nayo nimeishika mkononi, imefunuka, kila mtu aione, na hakuna ofisa aliyenigeukia. Sista aliisoma akaweka ukucha wake chini kabisa, kwenye herufi ndogo kama sisimizi. Lilikuwa jina refu la rangi na namba pembeni yake. Akatafuta na boksi la vile vidonge vyao vya mwasho. Jina lile lile, namba ile ile. Akaniandikia kwenye kitabu changu cha hospitali kwa wino mwekundu, akanipatia vyeupe, vilikuwa vimeletwa tena, nikameza mbele yake, tukakaa. Saa nzima. Hakuna kitu.

Kutoka pale sikupitia nyumbani. Nilikwenda kwa shemeji. Vyungu vyake viwili vilikuwa vimefunikwa kifudifudi ukutani, na kuku mmoja amelala juu ya kimoja. Yeye alikuwa anakanda unga. Alikuwa ameanza kuuza chapati Malaba kwenye foleni ya malori, kwa madereva wa mbali ambao hawajui habari yake. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu, na umri ule.

Nikamwambia, "Shemeji, ilikuwa rangi."

"Rangi gani?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikaeleza tena. Nikamwonyesha karatasi. Aliendelea kukanda mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Mimi nilijua si mimi, shemeji. Ningekosaje kujua? Waambie wasiojua."

Sikuomba msamaha vizuri. Nilisema maneno kadhaa, akanipa maji ya kunywa, nikanywa yote mbele yake mpaka chini. Ndivyo nilivyoweza.

Jumamosi nikaenda kwa wenzangu. Walikuwa wamehamia chungu cha mama mwingine, nyuma ya kinu cha kusaga. Walifurahi kuniona, wakasogea, nafasi yangu ikapatikana. Sikukaa. Nikasimama na kidonge cheupe kwenye kiganja kimoja na cha njano kwenye kingine, na karatasi kwapani, nikaeleza kila kitu toka kopo mpaka benchi.

Fundi akatoa mrija mdomoni.

"Kwa hiyo ni rangi ndiyo ilikupiga."

"Ni rangi."

"Wewe juzijuzi umepaka nyumba yako rangi kwa mkono, ukapaka na mbwa. Hukuvimba."

Wakacheka mpaka chungu kikatikisika. Mwingine akauliza kama sista ni wa ukoo wa shemeji. Nikasema si wa ukoo. "Basi amepewa kuku," akasema.

"Na soda ya njano je?" fundi akauliza. "Nayo ni sumu?"

Nikakumbuka harusi ya binti yangu, nilivyokunywa soda ya njano asubuhi nikajikuna mpaka nikavua koti kanisani. Nikataka kuwaambia, nikaona nitawaongezea kicheko.

"Vimbeni nyinyi mkapimwe," nikasema. "Jumamosi ijayo twendeni kwake. Mimi nitakunywa wa kwanza, peke yangu, mnitazame mpaka mtosheke. Halafu mnywe."

Hapo hawakucheka. Kila mtu alitazama chungu. Fundi ndiye aliyesema, na hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma.

"Wewe nenda, ndugu yangu. Wewe ukivimba una rangi ya kusingizia. Sisi tukivimba tutasingizia nini?"

"Lakini mmesikia haikuwa yeye."

"Tumesikia. Ila ulimwonyesha wewe, sisi hatukumwonyesha. Kaa sasa, maji yanapoa."

Akanisogezea kigoda kwa mguu. Yule mama mwenye chungu alikuwa amesimama mlangoni na birika, ananisubiri nikae ndipo amimine. Nilimtazama yeye, nikawatazama wao, watu niliowajua tangu tukiwa na meno yote. Nikatia vidonge mfukoni. Nikageuka nikapita pembeni ya kinu, nikaingia njia ya katikati ya mashamba ya mihogo.

Fundi aliniita mara moja, kwa jina langu la utani la siku zetu za Busia. Niliendelea kutembea. Sijarudi pale.